Deni Linakufa Jumamosi

Jumapili, 3 Machi

Nimempeleka Kitinda kwenye bwawa la kuogelea. Chini ya miaka sita bure, chini ya miaka saba nusu bei. Yule mama wa langoni akamkagua mtoto kuanzia kichwani hadi miguuni, akauliza ana miaka mingapi. Mitano, nikasema bila kupepesa macho. Akasema ni mrefu kwa mtoto wa miaka mitano. Nikamwambia ukoo wetu ni wa watu warefu. Akanitazama na mimi. Sikupenda alivyonitazama.

Lakini ni kweli, mtoto huyu ni wa ajabu. Miaka mitano tu, meno ya mbele yameshang'oka, na gazeti analisoma bila kukwama. Akili kanirithi mimi. Jumamosi hii anatimiza sita, kwa hiyo leo ilikuwa mara ya mwisho kuingia bure. Nimesikitika kidogo.

Tukiwa tunakausha nywele, simu ikalia. Namba ngeni. Sauti ya mwanamke, laini, ya mtu aliyelelewa vizuri. Akasema anatoka kampuni ya kukusanya madeni, je, anazungumza na fundi wa kufuli? Nikasema fundi kasafiri. Akauliza atarudi lini. Nikasema safari yenyewe ni ya miaka. Akacheka kwa adabu, akasema atapiga tena.

Deni la kadi ya mkopo! Baada ya muda wote huu! Nilidhani wamesahau. Mimi nilishasahau.

Niandike ukweli, daftari hili halina mdomo. Kwa kadi ile nilinunua kiti cha umeme cha kukanda mgongo. Nilikiweka dukani ili wateja wastarehe huku nikiwachongea funguo. Ufunguo huchongwa kwa dakika tatu. Hakuna aliyewahi kukaa. Sasa kiko sebuleni kwangu, kinakanda upande wa kushoto tu. Riba imepanda hadi wanadai pesa ambazo zingenunua viti vitatu vizima. Nisipolipa, mahakamani. Nikishindwa mahakamani, madalali watakuja nyumbani, na nyumbani kwetu kitu cha thamani ni kimoja: oveni ya mke wangu. Anaoka keki za kuuza. Keki hizo ndizo zinazolipa kodi ya nyumba na ada za wakubwa wawili walio shule ya bweni. Kusema kweli mkuu wa familia ni oveni, mimi nasaidia.

Mke wangu hajui lolote. Nilimwambia kiti nilishinda kwenye bahati nasibu.

Jumatatu, 4 Machi

Habari njema! Na zimetoka kwa mtu nisiyempenda!

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni karani wa mahakama. Alikuja kukaa kwetu wiki moja. Sasa ameingia mwaka wa pili. Kila jioni anakalia kile kiti, bega la kushoto likimtikisika, anatoa hukumu kuhusu kila kitu, kuanzia siasa hadi chumvi ya mboga. Ila leo nilimhitaji.

Nilianzia mbali. Nikamwambia nina rafiki. Shemeji akazima redio. Nikasema rafiki huyo ana deni la kadi, la zamani sana, je, sheria inasemaje? Akauliza kama rafiki huyo ana kiti. Nikasema sijamwelewa. Akasema basi tuendelee.

Sheria, akasema, inaweka muda wa ukomo. Kwa deni kama hilo ni miaka sita tangu siku mdaiwa alipolipa kwa mara ya mwisho. Miaka hiyo ikipita mdai hajafungua kesi, mahakama haimsikilizi tena. Anaweza kuomba, kubembeleza, kutuma salamu, lakini hawezi kugusa hata kijiko cha mtu. Lakini, akasema Shemeji, akainua kidole. Anaipenda sana hiyo "lakini" yake. Mdaiwa akilipa hata senti moja, au akitia sahihi popote kukiri kwamba anadaiwa, saa inaanza upya. Hata deni lililokwisha kufa linafufuka kwa njia hiyo.

Malipo ya mwisho! Siku ile naikumbuka vizuri. Mwaka wenyewe siukumbuki, miaka yangu yote inafanana, na risiti nilizitupa kwa sababu zilikuwa zikinitia huzuni. Lakini siku naikumbuka. Asubuhi nilipeleka pesa benki, jioni Kitinda akazaliwa. Baada ya hapo zikaja nepi, benki sikukanyaga tena. Kwa hiyo deni na Kitinda ni mapacha. Kitinda anatimiza sita Jumamosi.

Deni linakufa Jumamosi!

Yaani nikwepe siku tano tu. Mimi, niliyewahi kumkwepa mwenye duka miezi mitatu na tunatumia choo kimoja!

Tahadhari. Shemeji alisema "popote". Jana niliandika humu neno lile kwa wino, na jaladani kuna jina langu na sahihi yangu. Nimelikata kila mahali. Kuanzia leo litaitwa Lile Jambo. Nimeona nimeliandika tena hapo juu, mara nyingi tu. Nimelikata na hapo.

Jumanne, 5 Machi

Nilibandika tangazo kwenye mlango wa duka: TUMEFIWA. DUKA LIMEFUNGWA HADI JUMAMOSI. Nani atamdai mtu aliyefiwa? Nikakaa ndani kimya, nachonga funguo polepole. Mpango safi kabisa.

Sikumfikiria Mkono Mwepesi. Huyu ni fundi wa kufuli mwenzangu, duka lake linatazamana na langu. Jina hilo kajipa mwenyewe, kaliandika juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Kufika saa nne alikuwa ameutangazia mtaa mzima msiba wangu, kwa sauti ya majonzi, huku akiwachongea wateja wangu funguo. Mchana sebule yangu ilijaa watu. Majirani, wateja, muuza magazeti. Mke wangu akawakaribisha, akawauliza nani kafa. Wakasema hilo ndilo walilokuja kumwuliza yeye.

Nikaitwa. Ikabidi nimuue mtu haraka. Nikamchagua mjomba wangu mmoja wa mbali. Mke wangu akauliza mjomba yupi. Nikasema yule mwenye kibiongo. Akasema huyo alikufa kabla hatujaoana. Nikasema ndiyo, lakini habari nimeipata leo.

Watu wakainamisha vichwa. Jirani mmoja akasema kweli, siku hizi habari zinachelewa.

Shemeji, kutoka kwenye kiti, akataka kujua kama yule rafiki yangu naye kafiwa.

Waombolezaji wamemaliza keki mbili zilizokuwa za oda. Mke wangu ameosha vyombo kwa kishindo.

Jumatano, 6 Machi

Yule mwanamke kapiga simu asubuhi na mapema. Nimempa jina la Dada Mpole. Kapiga ili kunipa pole ya msiba! Mkono Mwepesi, nimekujua! Lakini alivyonipa pole, nilitaka kulia. Akaniuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nikamweleza. Tukazungumza vizuri mno. Nilipozinduka nilikuwa nimeshamwambia kwamba fundi ni mimi, sijasafiri, na kibiongo cha mjomba kilitokana na kubeba magunia.

Hapo akasema hataki kunisumbua wakati wa majonzi. Nitoe kidogo tu, hata nauli ya basi, kuonyesha nia njema, naye faili langu ataliweka chini kabisa. Nauli ya basi! Mkono ulishaanza kwenda mfukoni. Nikakumbuka kidole cha Shemeji. Nikakata simu. Kisha nikaiomba msamaha simu iliyokatika.

Akapiga tena. Na tena. Kuizima siwezi, maana watu waliofungiwa nje ndio riziki yangu. Kumsikia siwezi, maana ana sauti ya kunifanya nilipe. Nikaifunga kwenye taulo, nikaiweka mahali penye kuta nene na mlango mzito ambapo mlio hausikiki. Ndani ya oveni. Kimya kizuri ajabu. Shemeji alikuwa kazini, nikakilalia kile kiti kidogo.

Mke wangu akarudi kutoka sokoni, akawasha oveni ipate moto kabla hajaanza kukoroga unga.

Simu imekwisha. Taulo limekwisha. Oveni, Mungu ashukuriwe, imepona, ila inanuka. Mke wangu alisimama katikati ya moshi, akaniuliza taratibu kabisa kwa nini niliweka simu ndani ya oveni. Nikasema iliingia unyevunyevu. Akafungua madirisha, akasema, "Baba Kitinda, mimi nakusubiri tu."

Sijui ananisubiri nini. Nimekosa raha jioni nzima.

Ila tuseme ukweli. Dada Mpole hawezi tena kunipigia. Mpango umefaulu.

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja mwenyewe!

Asubuhi nikamwona anavuka barabara. Mwanamke wa makamo, viatu bapa, mwavuli, mkoba mkubwa. Akamwuliza Mkono Mwepesi jambo. Mkono Mwepesi hakunyoosha kidole, alinyoosha mkono mzima kuelekea kwangu.

Nikajifungia. Nilitumia kitasa changu cha chuma chenye ndimi nne, fahari ya duka, ambacho nimekiweka mlangoni kama maonyesho miaka nenda miaka rudi na hakuna aliyemudu bei yake. Nikazungusha ufunguo mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ukavunjikia ndani.

Dada Mpole akabisha hodi. Nikabana pumzi. Akasema anajua nimo, anaona viatu vyangu kwenye uwazi wa chini ya mlango. Nikavivua, nikaviacha palepale, nikasogea pembeni. Akasema sasa anaona soksi. Akasema hana haraka, atasubiri.

Akasubiri kweli. Jua likapanda. Duka langu lina dirisha moja, na niliwahi kulipiga misumari mimi mwenyewe kwa ajili ya usalama. Kufika saa sita nilikuwa nimelowa chapachapa. Nilijaribu bisibisi, koleo, tupa, bega. Kitasa hakikutikisika. Ni kitasa bora, hilo siwezi kulikana. Mwishowe nikaita msaada kwa sauti ndogo, ili Dada Mpole asisikie. Aliyesikia ni Dada Mpole peke yake.

Akaenda kuita fundi. Fundi gani? Mtaa huu una mafundi wa kufuli wawili, na mmoja alikuwa ndani!

Mkono Mwepesi alikuja na sanduku la vifaa na watazamaji. Akafungua kwa muda ambao mtu humaliza glasi ya maji. Akakipima kitasa changu mkononi, akawatangazia watu kwamba yeye kitu kama hiki hafungi hata kwenye banda la kuku. Kisha akataka malipo. Mimi mfukoni sikuwa na kitu, nilikuwa natoka nyumbani mikono mitupu makusudi, nisije nikashawishika. Akalipa Dada Mpole.

Mdai wangu kanilipia! Sijui kama sheria ina jina la aibu ya namna hiyo.

Akatoa chupa ya maji mkobani, nikanywa yote. Akasema maskini, huu si mwaka wangu. Akasema kesho alasiri atapita nyumbani tuzungumze kama watu, tukiwa tumekaa. Kabla sijajizuia nikasema karibu sana dada. Adabu itaniua siku moja.

Kesho Ijumaa! Siku moja tu kabla Lile Jambo halijakata roho! Akienda mahakamani kesho, oveni imekwenda. Na nitakuwa nimeipeleka mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Nitaandika kwa utaratibu.

Mpango wa kwanza ulikuwa kuificha oveni kwa jirani. Haikusogea. Pia ilikuwa na keki ndani, mke wangu alikuwa anaoka ya Kitinda. Alinikuta nimeikumbatia. Nikasema naisikiliza kama imepona.

Mpango wa pili ulikuwa kukaa ngumu.

Dada Mpole alifika alasiri, mwavuli umekunjwa vizuri. Shemeji, aliyewahi kutoka kazini bila sababu ya maana, akainuka akampisha kwenye kile kiti. Mimi hajawahi kunipisha hata siku moja! Kiti kikaanza kumkanda upande wa kushoto. Akasema ni kiti kizuri. Nikasema nilikishinda kwenye bahati nasibu. Akasema hongera. Jamani, alikuwa amekalia Lile Jambo lenyewe!

Akatoa karatasi moja na kalamu. Nitie sahihi hapa kwamba Lile Jambo ni langu, nitoe ile nauli ya basi, na kwa mwaka mzima hakuna atakayenigongea mlango. Nisipotia, akasema huku akitazama kucha zake, mambo yanaweza kufika mahali ambapo sote hatupapendi. Nikauliza yanaweza kufika leo? Akasema mambo hufika popote, wakati wowote.

Nikafikiri. Nikitia sahihi, saa inaanza upya, miaka sita mingine ya kuishi kama panya. Nisipotia, anatoka hapa anakwenda moja kwa moja mahakamani, na zimebaki saa chache tu Lile Jambo life. Jikoni nikasikia mlango wa oveni unafungwa, na mke wangu anaimba chinichini kama anavyofanya keki ikikubali. Niliogopa. Sitalipamba. Niliogopa kwamba wiki ijayo jiko litakuwa na nafasi tupu ukutani, na yeye atasimama kuitazama, kisha atageuka anitazame mimi.

Nikaishika kalamu. Shemeji akakohoa. Nikainama. Akakohoa tena, kwa nguvu. Nikamwambia anywe maji.

Ndipo mke wangu akatoka jikoni na Kitinda, wamebeba keki ya kesho kuja kumwonyesha mgeni. Keki nzuri. Juu yake, kwa krimu ya waridi, namba saba.

Nikasema, Mama Kitinda, umekosea, ni sita.

"Saba," akasema.

Nikasema sita, mtoto ana miaka mitano, kesho sita. Mke wangu akanitazama kana kwamba simu imeungua upya. Kitinda ndiye aliyenihurumia.

"Baba," akasema, "mitano ni ya bwawani tu."

Kiti peke yake kiliendelea na kazi. Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mwaka juzi nilisema mitano langoni, na kweli alikuwa mitano. Mwaka jana akatimiza sita, nami nikasema mitano. Mwaka huu nikaendelea na mitano ileile. Nimeusema uongo ule kila Jumapili mpaka nikauamini! Meno. Urefu. Magazeti. Darasa la pili! Nilidhani walimrusha darasa kwa akili!

Kwa hiyo Lile Jambo halifi kesho. Lilikufa mwaka jana. Wiki nzima nimekuwa nakimbizwa na maiti, na nusura niifufue kwa kalamu ya bure!

Nikamgeukia Dada Mpole. Akaichukua kalamu kutoka vidoleni mwangu, taratibu, akaifunika. Nikamwuliza kama alijua.

"Kazi yangu ni kuuliza, kaka," akasema. "Sikukudanganya hata mara moja."

Ni kweli. Nimepitia wiki nzima kichwani, hakuna hata uongo mmoja. Uongo wote ulikuwa wangu.

Nilikwenda chooni, nikafunga mlango, nikalia. Machozi ya furaha tupu. Nilihisi kama nimetua gunia nililobeba tangu Kitinda azaliwe. Niliporidhika nikataka kutoka, kitasa kikagoma. Nilikifunga mimi mwenyewe mwaka jana. Shemeji alinitoa kwa kisu cha siagi.

Dada Mpole alipoaga aliomba jambo moja, arudishiwe pesa alizompa Mkono Mwepesi. Nikaficha mikono nyuma. Huenda ni mtego! Shemeji akasema hilo ni jambo jingine kabisa, halihusiani. Mke wangu akalipa kutoka kwenye pesa za keki. Wakaagana kwa kukumbatiana. Dada Mpole ameagiza keki ya mama yake, ya ndimu.

Jumamosi, 9 Machi

Deni! Deni la kadi! Deni, deni, deni! Naliandika nitakavyo. Sitii sahihi, lakini naliandika.

Leo nimeamka na mabega mepesi. Nimekwenda dukani nikipiga mluzi. Nimeng'oa tangazo la msiba. Nimemsalimu hata Mkono Mwepesi. Kila simu ya jirani ilipolia, nilitabasamu. Sikujua hofu ile ilikuwa imekula nafasi kiasi gani ndani yangu mpaka ilipohama.

Kitinda amezima mishumaa saba. Niliihesabu mara mbili.

Baada ya keki mke wangu aliniita jikoni. Nikajiandaa kujitetea, nikaanza na bahati nasibu. Akainua mkono. Kumbe alijua tangu zamani! Bili ya kwanza ya kiti ililetwa nyumbani, na aliyefungua mlango ni yeye. Miaka yote hiyo alikuwa ananisubiri nimwambie kwa mdomo wangu. Mwaka jana Kitinda alipotimiza sita, mke wangu na Shemeji walikata kipande cha pili cha keki, wakala kimyakimya, kusherehekea kifo cha deni. Nakumbuka nililalamika kwamba keki imekwisha haraka! Nikamwuliza Shemeji mbona hakuniambia Jumatatu. Akasema alijibu kila swali aliloulizwa na rafiki yangu. Rafiki yangu hakuuliza mtoto ana miaka mingapi.

Mke wangu hakucheka.

"Deni nimekusamehe kitambo," akasema. "Umri wa mtoto, bado."

Iliniuma kweli, kuliko simu, kuliko kitasa. Nimemwahidi mambo mawili. Kadi ya mkopo, basi, maisha yangu yote. Na langoni mwa bwawa nitasema ukweli. Akanipa kipande kikubwa chenye krimu ya waridi. Nimekila nimesimama karibu na oveni, bado ilikuwa na joto. Tumekaa hivyo muda mrefu, raha mustarehe. Harufu ya simu karibu imekwisha.

Nimemwambia Shemeji kiti ni chake. Amesema alijua.

Jumapili, 10 Machi

Bwawani. Nilikusudia kusema kweli, naapa. Yule mama akauliza, nami nikafungua mdomo kusema saba, mdomo ukasema sita.

Lakini nimelitafakari na sioni kosa. Jumapili iliyopita nilimwambia mitano. Leo ningemwambia saba, angeniona mwongo. Kwa heshima ya familia ilibidi iwe sita. Nusu bei.

Kitinda alinitazama. Nikamnunulia aiskrimu. Imenigharimu zaidi ya ile nusu.

Jumatatu, 11 Machi

Karibu na duka langu benki wameweka meza na mwavuli. Mwanamume mwenye tai akanisimamisha, akasema ana kadi ya mkopo kwa ajili yangu. Nikakataa kwa sauti kubwa, watu wakageuka. Nikapita. Nikarudi kuchukua kalamu ya bure.

Hapo ndipo nilipomwona Mkono Mwepesi anashusha mashine mpya ya kuchonga funguo za magari. Ina taa za bluu! Ameiweka dirishani, imegeuziwa upande wangu.

Nikafikiri kama mtu mzima. Zamani nilichukua kadi nikiwa mjinga. Sasa mimi ni mtu anayeijua sheria. Nimepata funzo ambalo wengine hulipia ada chuoni. Kutolitumia ni ubadhirifu.

Nimetia sahihi. Mashine inakuja Alhamisi, yenye taa za bluu na za kijani. Na kwa kuwa kiasi kilibaki, nimeagiza kiti kingine, hiki kinakanda upande wa kulia. Vikiwekwa pamoja ni mgongo mzima! Mama Kitinda nitamwambia bahati nasibu imenirudia.

Kesho nitalipa mara moja, kidogo tu, ili saa ianze kuhesabu mapema. Halafu basi. Na safari hii sitegemei kumbukumbu hata kidogo. Naandika hapa, wazi, kwa wino, nisije nikakosea tena: Kitinda sasa ana miaka sita. Deni linakufa siku atakapotimiza kumi na miwili.